Pareto Juu ya Kitanda Chako

Mama Neema,

Mjukuu wako Zawadi yupo hapa Kilolo tangu shule zifungwe. Ana kifua chako. Siku ya tatu kilianza kulia kama filimbi. Usishtuke, anapumua. Nilimpeleka Iringa mjini, na niliyoyasikia huko siwezi kukaa nayo peke yangu.

Unakumbuka tulivyoiogopa baridi? Kila Juni nilikuhamishia jikoni, kwenye joto, chini ya uchaga tulipokaushia maua ya pareto ukungu ulipozidi. Ulikohoa, nikachochea moto. Ukakohoa zaidi, nikaongeza kuni. Mimi, mwalimu wa sayansi!

Daktari aliuliza mtoto analala wapi. Nikajibu kwa fahari: palepale pa bibi yake, jikoni, chini ya pareto. Akaweka kalamu chini.

Najua ungesema, "Baba Neema, fupisha somo, nivute pumzi." Nafupisha. Mzio ni mwili kupigana na kitu kisicho adui. Nikichuma pareto, mikono huniwasha na macho hutoa machozi, lakini kifua changu ni kizima. Pumu ni njia za hewa kuvimba na kubana. Mafua, moshi, hata hewa ya baridi huweza kuiamsha bila mzio wowote. Kwa hiyo baridi hatukuisingizia kabisa. Ila kwa Zawadi, na nadhani kwako pia, viwili hivi vilikutana: vumbi la ua huamsha mzio, mzio hubana pumzi.

Ajabu gani hii, mke wangu! Ndani yetu mna askari mwaminifu kiasi hicho, anayeweza kumkaba mwenye nyumba ili amkinge na ua. Nilikaa kwenye benchi pale nje, nikamwelewa yule askari. Nikalia.

Nisamehe.

Pareto imetoka ndani. Zawadi analala chumba cha mbele, mbali na moshi, na anavuta dawa yake asubuhi na jioni hata akijisikia mzima, kama alivyoagizwa. Jana tulipanda kilimani kukusalimia. Nilisimama mara mbili kupumzika, yeye alikwishafika kaburini, akaniita kwa kelele, "Babu, umeisha?"

Nilikuwa nimeisha kweli. Pumzi yake ilikuwa tele.

Lala salama, Mama Neema. Huyu nitamlinda, lakini safari hii nitauliza kwanza.

Mumeo,
Baba Neema