Banda la Gari na Vitu vya Watu

Baba yangu mpenzi,

Kila nikipita makaburini nakutolea salamu na Fatiha, kisha naondoka. Pale ni njiani kwa watu, na mimi maneno yangu ni mengi, unanijua. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nikakaa kibarazani kukuandikia kwa herufi zile zile ulizonipeleka kujifunza, majirani wakikusema kwamba mtoto wa kike anatosheka na kusoma msahafu. Pa kuipeleka barua hii sipajui. Hilo lingekuchekesha, wewe uliyekuwa ukichukua mizigo ya Mgogoni nzima kwa gari lako la ng'ombe.

Nimelisafisha banda la gari. Usishtuke. Ruhusa ulinipa mwenyewe asubuhi ile ya mwisho, pumzi zimeshakuwa fupi, uliponishika mkono ukasema, "Riziki, banda lile. Watu wapate vyao." Nikakuuliza vyao vipi na watu gani. Ukafumba macho, na baada ya hapo hukusema tena ila shahada.

Kaka Hamadi alisema ni maneno ya mgonjwa tu. Mimi sikuweza kuyaweka hivyo. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akifa na amana ya mwenzake, ile amana inabaki shingoni mwake. Nilikuwa nikilala nakuona umelala kaburini, mwanandani, na mabaiskeli ya watu, vinu vya watu na masanduku ya watu, yote shingoni. Nilitaka utuliwe mizigo hiyo.

Lakini baba, na wewe ulizidi! Nakumbuka tulivyokuwa tukienda Wete msimu wa karafuu, mimi nimepandishwa juu ya magunia, nywele zangu zinanuka karafuu hata baada ya mama kuzisuka upya. Wewe ulitembea kando ya ng'ombe ukizungumza naye kama shemeji yako. Kwenda tulikwenda na mzigo wa tajiri, na kurudi ilikuwa gari tupu, basi ndipo watu walipokungoja njiani. Huyu anahama, huyu anajenga, huyu kagombana na mkewe. Wakakwambia, "Mzee Khamis, niwekee hiki mpaka nije." Nawe ukaweka, wala hukuuliza atakuja lini. Mama akitaka pembe ya banda aweke nazi zake, ulimjibu neno moja: "Wacha, kina mwenyewe." Ilifika mahali gari lenyewe likalala nje na mvua, vitu vya watu vimelala ndani. Na hukuandika popote. Vyote ulivijua kwa kichwa, na kichwa umeondoka nacho.

Nilivitoa vyote uani nikavipanga juu ya majamvi ya kuanikia karafuu, ili kila apitaye avione. Mama yuko edani, hatoki, basi alikaa nyuma ya dirisha na mimi nikimnyanyulia kimoja kimoja. Baiskeli isiyo mipira ni ya fundi cherehani. Sanduku lenye kitasa kilichoshika kutu ni la mke wa marehemu mwadhini. Nikifikia kitu asichokijua ananiambia, "Hicho mwulize baba'ko," na mimi nakiweka kando.

Kuna kinu kimepasuka toka mdomoni hadi chini. Nilikwisha kukitupa upande wa kuni, mama akanirudisha. Baada ya imamu kutangaza msikitini Ijumaa, alitokea bibi mmoja toka Shumba, akakikumbatia kile kinu kama mtoto aliyepotea sokoni. Kilikuwa cha mama yake. Nilimtizama anavyokipangusa vumbi kwa kanga yake safi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini ulikuwa mkaidi vile.

Siku zile nilifurahi, baba. Kila mtu aliyeondoka na chake alikuombea, nami nilihisi unapungukiwa uzito. Mpaka mama alipouliza dirishani, "Na matendegu ya Bi Mize?"

Nikamwambia hapana matendegu. Akasema yapo, miguu minne ya kitanda, ya mfenesi, yamepakwa rangi nyekundu na nyeusi. Hapo nikakumbuka. Tuliyachukua pamoja kwa fundi, mimi, wewe na Saada, binti wa Bi Mize. Kitanda kilikuwa cha harusi yake. Njia nzima alikaa nayo mapajani, akiipapasa ile rangi na kuniuliza kama bwana harusi atayapenda, nawe ukajifanya husikii. Homa ikamchukua kabla ya harusi. Bi Mize hakuweza kuyaona nyumbani kwake, akakuletea.

Hamadi alikuwa akilisogeza gurudumu. Akaliacha. Alisema polepole kwamba siku ya hitima yako kuni zilikuwa zimerowa, masufuria yako mekoni na watu wameshafika, naye aliingia bandani akatoa miti ya chini kabisa, iliyojaa vumbi na masizi, akaipasua. "Nlidhani kuni," akasema, akakaa chini palepale.

Nilimkasirikia hata maneno yakanikimbia, na hilo kwangu ni nadra. Matendegu mengine yapo kwa mafundi, lakini yale hayapo tena. Umekufa na amana ya mama aliyefiwa, na sisi wanao ndio tulioichoma, tena kwa kukupikia wewe hitima.

Tulikwenda kwake mimi na Hamadi. Tulimkuta anachambua mbaazi. Tukamwamkia, akatukaribisha mkekani, na Hamadi akasema yote bila kujitetea. Bi Mize aliendelea na mbaazi zake. Nilidhani hakusikia. Kisha akauliza, "Ni sufuria gani, ya wali au ya mchuzi?"

Hamadi akajibu, ya wali.

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka hata ungo ukamtoka mapajani, na kicheko kikageuka kilio, wala sikujua kimegeukia wapi. "Basi nshayala, wanangu," akasema. "Nlikuja hitimani, nkala nkashiba, nkaomba na ukoko." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akatukalisha vizuri, akataka tushuhudie, akasema: "Kitanda cha Saada hakikulaliwa na mtu, lakini kimelisha watu siku ya kumwombea Khamis. Mie n'meridhi. N'memsamehe, duniani na akhera."

Hamadi hakulia ulipokufa wala tulipokuzika. Alilia pale, mkekani kwa Bi Mize, naye akawa anampigapiga mgongoni huku akimwambia mbaazi zinamwagika.

Mama nilimhadithia yote dirishani. Baadaye nikamsikia anaomba dua, na jina la Saada limo.

Sasa banda lina gari tu, na nira ya ng'ombe ukutani. Limekuwa pana, sauti inarudi ukizungumza ndani. Nilidhani ningefurahi kuliona hivyo, lakini siku mbili tatu nilipita nikiangalia pembeni. Nimekukosa, baba. Nimekukosa zaidi kuliko siku tuliyokuzika.

Jana alasiri akapita mke wa mwashi, mumewe kenda Unguja kutafuta kazi kwa shida hizi za vita, naye anarudi kwao. Kichwani ana cherehani. Akaniambia, "Bi Riziki, niwekee mpaka nije." Mama akaguna dirishani kwa nguvu ili nimsikie. Nami nikaipokea, nikaifunika gunia, nikaiweka juu mvua isipofika. Sikumwuliza atakuja lini.

Basi pumzika, mzee wangu. Vyako vimekwisha vyote. Hiyo cherehani iko shingoni mwangu mimi.

Ni mimi mwanao uliyempandisha juu ya magunia,
Riziki