Joto la Silinda ya Tatu

Mjukuu wangu Amisi,

Nakusalimu kutoka Kasongo. Bibi yako iko muzima, na dada yako amejifungua mutoto mwanaume. Unaniuliza kama umwambie bosi wako wa garaji kwamba gari lile uliliharibu wewe.

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa fundi wa ndege ndogo hapa. Asubuhi moja piloti alikuwa anaenda Kabambare kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua, akageuza njiani. "Silinda ya tatu inachemka kupita zingine," akaniambia.

Nilidhani kipimo kinadanganya. Nikakibadilisha na cha silinda ya pili, tukawasha. Ya tatu ikachemka vilevile. Nikafungua bati la injini, nikaingiza mkono panapopita upepo wa kuipoza silinda. Nikatoa kitambaa changu cha kufutia mafuta, kimeungua nusu. Nilikuwa nimekisahau humo jana yake.

"Kifiche," fundi mwenzangu akaninong'oneza. "Sema kipimo kilikuwa kibovu."

Nilimwonyesha piloti kitambaa. Akapauka, kisha akasema, "Basi silinda imeungua kweli. Tuitoe." Tukaikuta na ufa. Angeruka nayo tena, ingepasuka angani.

Mama yule aliletwa kwa barabara, kwa kamio la mizigo, akajifungua hapa jioni, wote wawili wazima. Kazi yangu iliisha siku ile, lakini tuache hayo. Kinachonishtua hadi leo ni kwamba, kabla sijasema neno, kile kitambaa nilikuwa nimeshakitia mfukoni.

Mwambie bosi wako kesho asubuhi, kabla mwenye gari hajaja kulichukua.

Babu yako,
Sefu