Kikapu Kilichomwaga Maharage Kanisani

Kalenga,
Iringa.
16 Julai 2024

Mpendwa mjukuu wangu Evarista, mke mwenzangu,

Nani alikufundisha kumwambia mtu mzima ukweli mara moja tu, ukanuna, ukapanda basi kurudi Mbeya? Ukweli husemwa mpaka uingie. Miezi mitatu hata simu hupigi. Aibu kwako. Yangu utaisoma humu humu.

Kamwene. Hujambo wewe? Na mumeo Lusekelo, kifua kimepoa? Huku Iringa baridi ya mwaka huu inatafuna magoti, lakini naamka, nakula, sijafa. Usicheke mwandiko. Darasa la nne langu unalijua, na maneno haya nimeona haya kumtuma mtu aniandikie.

Siku ile ulishika kikapu changu mbele ya kina mama ninaowafundisha kusuka, ukasema, "Bibi, nyasi hizi za milulu umezikata changa, kitako kitalegea." Nikakunyang'anya. Nikakuuliza, wewe uliyeolewa kwa wala ndizi unajua nini habari za milulu. Ukaondoka hujala. Kwangu hata mpita njia hatoki na njaa, ila damu yangu niliiacha itoke nayo.

Basi sikia. Jumapili ya mavuno nilimpa jirani yetu Veneranda kikapu kile kile apelekee maharage ya vipaji altareni. Kufika katikati ya kanisa, kitako kikaachia. Maharage yakatawanyika mpaka miguuni kwa padri. Kwaya inaimba, wazee wameinama wanaokota, watoto wanacheka. Watu wakamsema Veneranda kwamba hajui kushika kikapu. Mimi nilikuwa benchi la pili, nikanyamaza. Tulipotoka nje nikasema ni panya ametafuna. Panya, Evarista, kwa umri wangu huu.

Wiki ikapita, kikapu kimerudi kwangu. Nikakifumua. Ni vile vile ulivyosema: milulu imesinyaa, kidole kinapenya. Iliyokomaa iko bondeni mbali, goti likagoma, nikakata ya karibu. Niliona aibu kusema nimechoka.

Nikaenda kuomba radhi kwa Veneranda. Alikuwa anapepeta mahindi, wala hakuacha.

"Mama Kasian," akasema, "panya wako ana miguu miwili. Nilikuwa namsubiri aje."

Nikacheka mpaka nikalia. Sasa yeye anashuka bondeni kukata, mimi nasuka, na akiona pamelegea ananifumulisha mbele ya wote. Inauma. Lakini tangu nimzae baba yako sijasuka vizuri hivi, na anayestahili shukrani ya kwanza ni yule niliyemfukuza. Nisamehe, mama.

Baba yako Kasian na shangazi yako Faustina wanakusalimu. Msalimie Lusekelo, sina ugomvi na ndizi zake. Mungu aifunike nyumba yenu, upepo mbaya upite mbali.

Jumatano ya wiki ijayo kina mama wanakutana. Njoo. Keti mbele ya wale wale niliokuaibisha mbele yao, ukikague kikapu kipya, utaje ubovu wote unaouona. Na usithubutu kukisifia kwa kunionea huruma.

Ni mimi nikupendaye hata nikifoka,
Bibi yako Matilda