Haya ya Nani?

Kwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo dada. Naomba barua hii iukute mguu wako umeshatolewa plasta, nawe unazunguka nyumba nzima ukigombeza watu kama kawaida yako. Mimi mwili haujambo, ila uso ndio sijui niuweke wapi.

Mazingaombwe yangu unayajua. Njiwa niliyemtia kwenye kofia mwaka ule alirudi na mke. Lakini siku hizi watu wana simu, njiwa hamshtui mtu. Basi nikaongeza vichekesho: panya wa mpira, ua la kifuani linalorusha maji, kimto kinachojamba ukikikalia, na meno ya plastiki yenye ufunguo, ukiyatia ufunguo yanatafuna yenyewe mezani. Hayo meno ndiyo yaliyoniponza. Huyaficha kiganjani, nikampapasa mtu mdomoni, nikayainua juu na kuuliza, jamani, haya ya nani? Watu hawana mbavu.

Siku wakwe watarajiwa walipokuja kula kwa bintiyo, yeye alinivuta pembeni, akaniomba, mjomba, leo mazingaombwe tu, baba mkwe ni mtu wa heshima zake. Nikamjibu kwamba Profesa mimi nimeshachekesha maiti akaomba maji. Nikamwendea mzee moja kwa moja. Alikuwa anacheka, mdomo wazi. Vidole vyangu vikatoka na meno yake ya bandia, yana mate. Nikayainua, nikauliza, haya ya nani? Dada, sijachekewa vile tangu nizaliwe. Hata mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Mzee akayachukua polepole, akayafuta kwa leso, akayarudisha. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kuwa yeye meno yake ameshayapata, mimi ndiye nibaki nikatafute haya. Akainuka. Mkewe na mwanawe wakamfuata, sahani zimejaa.

Bintiyo amekwenda nyumbani kwa mzee kuniombea radhi. Amewaapia kwamba mjomba hakujua, alidhani ameshika yale ya plastiki. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Mzee amelainika, kasema kama ilikuwa bahati mbaya, Jumapili watarudi.

Sasa dada, keti kwanza. Nilijua. Plastiki haina joto. Kiganja kilikuwa bado kimefumba, ningeyarudisha na asingeona mtu. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuficha. Lakini kule nyuma mmoja alikuwa ameshaanza kucheka, nami nikawataka na waliobaki.

Mtoto ameapa juu ya uongo wangu. Jumapili nitafika mapema, bila kofia, nimwambie yeye kwanza, halafu mzee kabla hajaketi. Wakivunja uchumba, usinitetee.

Msalimie shemeji, mwambie alale kwa amani, yule panya nimemtupa. Nilitaka kusaini Profesa kama siku zote, kalamu imegoma.

Ni mimi, mdogo wako.