Bunduki na Kikohozi cha Baba Mkwe

Jumanne, 5 Oktoba 2004

Zamu ya asubuhi kwa wazee ninaowatunza, kisha basi hadi klabu. Sanduku la bunduki magotini. Mama mmoja akaniuliza napiga gita la aina gani. Nikamwambia bado najifunza. Sikudanganya sana.

Ni bunduki yangu mwenyewe sasa, si ya kuazima. Polisi wameniruhusu juzi tu. Inapiga kushoto kidogo, au ni mimi. Colin, msimamizi wa uwanja wa shabaha, anasema ni mimi: navuta kifyatuo kama mtu anayekamua ng'ombe. Nalala kifudifudi mkekani, mkanda umebana mkono, pumzi nusu. Pale hakuna anayeniita nimgeuze wala nimwogeshe. Saa nzima ya kuwa mtu. Sitaki kuipoteza.

Ijumaa, 8 Oktoba

Baba mkwe ametua kutoka nyumbani. Atakaa nasi huku ughaibuni, Walthamstow, mwezi mzima, na nyumba yenyewe ukubwa wa kiganja. Kwetu Bungoma, mkaza mwana hata akiwa mgonjwa halali mbele ya baba mkwe. Hapa tunagongana kwenye korido. Mzee ana adabu zake: kabla ya kuingia popote, anakohoa. Nikisikia, nasimama, najifunga leso. Leo nimesimama mpaka magoti yanauma.

Hajui habari za bunduki. Kabati la chuma ninamoifungia liko nyuma ya makoti. Nimemwambia Wafula afunge mdomo. Lakini kumpa mume wangu siri ni kuchota maji kwa pakacha.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimeketi kitandani, koti bado mwilini. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa mkekani. Risasi ndani, shabaha imetulia. Wafula, bila kuniambia, akamleta Mzee aje kuona. Wakafika mlango ulio nyuma yetu. Mzee akakohoa, kama nyumbani. Vizibo vyangu vya masikio ni vya sponji. Kikohozi kikapenya.

Mwili haukuniuliza. Niliruka nikasimama, bunduki mkononi, mtutu ukafagia mstari mzima wa wenzangu waliolala. Kidole bado kiko kwenye kifyatuo.

Colin akapaza sauti, "Stop!" Wote wakaganda. Akanitoa bunduki mikononi polepole, akaifungua. Risasi ikadondoka sakafuni.

Ningeua mtu. Naandika tena: ningeua mtu.

Mzee alikuwa mlangoni, anatazama ukuta.

Alhamisi, 14 Oktoba

Colin amepiga simu. Kamati ya klabu imekaa, wengine wanataka nifukuzwe. Nikifukuzwa, kibali kinakwenda na bunduki inakwenda. Nimepewa nafasi moja, Jumanne, Colin akinisimamia. Nikikosea, basi.

Aliniuliza kwa nini nilisimama. Nikasema nilishtuka. Ningemweleza nini?

Leo namchukia Wafula. Anajitetea, "Si nilitaka tu Mzee aone vile umeiva." Nimempa ugali bila mboga.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mzee hakohoi tena mlangoni. Hatoki chumbani mpaka niende kazini. Baridi ya huku imemwingia kifuani, namsikia usiku akikoroma kwa shida, lakini mlangoni kimya. Afadhali angekohoa.

Najua anavyoniona: mwanamke aliyejilaza chini mbele ya wazungu, miguu huku na huku. Nina aibu. Nina hasira kwa sababu nina aibu.

Jumapili, 17 Oktoba

Baada ya kanisa Mzee akatoka sebuleni. Nikasimama. Hakuniambia mimi, alimwambia binti yangu, kama wakwe wafanyavyo. "Naliaka, mwambie mama yako Jumanne nitamsindikiza. Kosa lilianzia kwenye koo langu."

Naliaka hakuondoa macho kwenye televisheni. "Mum, Babu's coming with you."

Nikamwambia Naliaka amwambie babu yake asante. Kisha nikaingia jikoni nikalia. Lakini bado naogopa. Je, akikohoa?

Jumanne, 19 Oktoba

Wafula naye alitaka kuja. Tulimwacha na vyombo.

Mzee akachukua kiti cha plastiki, akakiweka nje ya mlango, akakigeuza. Uso ukutani. Colin alimtazama kupitia kioo cha mlango, kisha akanionyesha mkeka.

Nikalala. Vidole baridi. Kati ya kila risasi na inayofuata nilisikiliza kikohozi. Shingo iliniuma kwa kusikiliza. Hakikuja. Risasi zikaenda kushoto, kama kawaida, lakini mtutu haukuacha kutazama mbele. Mwisho nikafungua bunduki, nikaonyesha kuwa ni tupu, nikailaza, nikangoja niambiwe nisimame. Nikasimama.

Colin akaitikia kwa kichwa. Nimebaki klabuni.

Nikafunga sanduku, nikajifunga leso juu ya suruali, nikatoka. Mzee bado anatazama ukuta. Kitambaa kimejaa mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yamelowesha kola. Alikuwa amezuia kikohozi muda wote ule.

Nikasimama nyuma yake, nikakohoa.

Akageuka. Ndipo naye akaachia, akakohoa mpaka tulipofika kituo cha basi.