Jiko la Mkaa na Notisi ya Mwezi

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali. Nimempeleka mjukuu wangu Sifa kituo cha kulelea watoto saa moja, kama kila siku mama yake anapovuka mpaka kwenda Nakonde kununua vitenge. Foleni ya malori ya mpakani imefika kwenye kona ya kwetu. Sifa alihesabu matairi, akaruka tano na saba. Ana miaka mitatu.

Jioni amerudi amelegea. Kichwa kinamuuma. Kakataa ugali. Mafua, nadhani.

Jumatano, 11 Juni

Si mafua.

Leo nilimfuata mapema, watoto wakiwa bado wamelala. Mlango umefungwa. Dirisha limezibwa kwa blanketi. Katikati ya chumba, jiko la mkaa, jekundu. Nilifungua dirisha bila kuomba ruhusa, nikambeba Sifa nje.

Mama Upendo, mwenye kituo, si mtu mbaya. Mjukuu wake mwenyewe alilazwa karibu na jiko kuliko wote. Hapo ndipo mahali pa upendeleo. Huku nyanda za juu, ikifika Juni, jiko huingizwa ndani na mlango hufungwa ili joto lisipotee. Mimi nimekulia Moba, Kongo, kando ya ziwa, ambako hakuna aliyelitafuta joto. Baridi nimeijua ukubwani, vita iliponitoa kwetu. Ila mkaa naujua. Machimboni nilikofanya kazi, vijana wawili walilala na jiko kibandani. Asubuhi hawakuamka. Hawakuwa na hata mchubuko.

Alhamisi, 12 Juni

Sifa yuko nyumbani nami. Anakula.

Nimegombana na binti yangu. Eliza ameogopa kama mimi, lakini anaogopa na mkataba wa kituo pia. Unasema mzazi anayemtoa mtoto atoe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, la sivyo alipe ada ya mwezi huo. Anataka kuandika notisi, kisha aendelee kumpeleka hadi mwezi uishe.

"Baba, nimesaini. Nikimtoa leo, mvunjaji ni mimi."

Sikumcheka. Miaka mingi nimeishi nchi za watu kwa hisani ya karatasi yenye mhuri. Saini naiheshimu kuliko anavyojua. Lakini nimeusoma mkataba wote, polepole. Mzazi anadaiwa taarifa na ada. Hakuna mahali anapodaiwa mtoto alale pale. Na kituo nacho kimeahidi, katika aya ya kwanza kabisa, kumtunza mtoto mahali salama. Ahadi ni za pande mbili. Eliza alisoma upande wake tu. Wengi wetu husoma hivyo, tukiwa na shida ya mtu wa kumwachia mtoto.

Ijumaa, 13 Juni

Tulikwenda wote wawili. Tumeshindwa vibaya.

Eliza alitoa barua: anamtoa mtoto leo, sababu ni jiko. Mama Upendo hakuimaliza. Alinigeukia mimi.

"Mzee, huku siyo Kongo. Huku mtu akisaini, amesaini."

Wazazi wawili walikuwa mlangoni. Mmoja alicheka. Nina umri wa kutojali, na nilijali. Kisha Mama Upendo akasema watoto wakipata nimonia tutamlaumu yeye huyo huyo. Eliza alilia njiani. Kina mama wote wa vitenge wanamjua yule mwanamke, na maneno yatafika sokoni.

Jumatatu, 16 Juni

Ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa ni binti mdogo, ananiita babu. Ametuambia tulifanya vyema kutaja sababu kwa maandishi, na tubaki na nakala. Kuhusu ada ya notisi hakuahidi kitu, atatukutanisha na Mama Upendo. Aliuliza zaidi habari za dirisha. Nilimpenda kwa hilo.

Sikulala mchana. Watoto wengine wako mle.

Jumatano, 18 Juni

Tumekutanishwa kituoni. Afisa aliingia chumbani, akatoka haraka, akaamuru jiko litoke. Akaeleza taratibu kwamba mkaa huua bila moshi. Mama Upendo alimtazama mjukuu wake. Akakaa chini kwenye kizingiti.

"Mimi nilidhani nawafunika," alisema.

Ada ya mwezi wa notisi hakuidai tena. Ya Juni tulikwisha lipa, nasi hatukudai irudishwe. Eliza alimshika bega. Sifa harudi; hilo halikujadiliwa.

Jumatatu, 23 Juni

Eliza amevuka mpaka. Mtoto ninaye mimi sasa. Asubuhi aliuliza kama wenzake bado wanalala kule. Nikasema ndiyo.

Mchana tulipita. Dirisha lilikuwa wazi, pazia likicheza. Watoto wamefunikwa mablanketi hadi puani. Baridi ilikuwa imeingia mle ndani bila kizuizi. Nilisimama nje nimemshika Sifa mkono, nikisikiliza pumzi zao, mpaka mmoja alipokohoa na kugeukia ukutani.

Tukarudi nyumbani.