Nimemkatia Simu Mama Ndeshi

Jumamosi, Oktoba 2005. Grand Prairie, Texas.

Mwezi wa kumi huu, na joto bado linakera. Nimerudi saa kumi na moja jioni, nikavua viatu mlangoni, miguu imevimba mpaka alama za soksi zimebaki. Sijapika. Watoto wamekula mkate na mayai bila kulalamika, kwa hiyo leo nawahesabu kuwa watoto wema.

Nimechoka. Uchovu wa kazi naujua: wiki nzima nainua wazee kitandani kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nalala, asubuhi umeisha. Huu wa leo umekaa kifuani.

Nitasema ukweli, kwa kuwa hapa kwenye blogu hakuna anayenijua. Jumamosi siendi ovataimu. Watu wa kanisani nimewaambia naenda ovataimu, nao wananionea huruma, wengine wananiletea chakula. Kumbe nakwenda Dallas, kujitolea kwenye kikundi kinachotetea haki sawa za watu wanaopenda wa jinsia yao. Watu kama mdogo wangu, Godi.

Mwezi ujao raia wa jimbo hili wanaulizwa kama katiba iandikwe kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Sisi tunawapigia simu, tunawaomba waseme hapana. Mimi mwenyewe siwezi kupiga kura, nina green card tu. Nawaomba watu wafanye nisichoweza kufanya.

Godi ni nesi Houston. Anaishi Pearland na Marcus, huu mwaka wa sita, na wana mbwa mwenye kitanda kizuri kuliko changu. Kanisani nikiulizwa kuhusu Marcus nasema ni mpangaji mwenzake. Nyumba wameinunua pamoja, mimi bado nawaita wapangaji.

Wiki iliyopita Godi aliniambia kwenye simu, bila hasira hata kidogo, "Dada, una-call strangers siku nzima kunitetea. Mama Ndeshi umeshamwambia mimi ni nani?"

Nikamjibu kwamba maharage yanaungua.

Hakukuwa na maharage jikoni.

Mama Ndeshi ndiye mama yetu sote kwenye ibada ya Kiswahili. Nilipofika nchi hii alinipokea uwanja wa ndege akiwa na koti la ziada mkononi, kwa sababu alijua sitakuwa nalo. Mwanangu wa kwanza amekulia mgongoni kwake. Mwaka jana alipoapishwa kuwa raia tulipika pilau la watu mia. Mwezi ujao ndiyo kura yake ya kwanza, na kitenge cha kuvaa siku hiyo ameshakichagua. Akiamua kunipa kisogo, ibada nzima itanipa kisogo, na hapa sina ukoo mwingine.

Basi leo. Linda, mwalimu mstaafu anayetusimamia, alinipa karatasi ya majina na maneno ya kusoma, akanisogezea kengele. Ukimpata mtu aliyekubali kusema hapana, unaigonga na watu wanapiga makofi. Leo sikuigonga hata mara moja. Nimekatiwa simu, nimeombewa nitubu, bwana mmoja ameniuliza kwa upole kama nimelipwa.

Baada ya chakula cha mchana nikafika kwenye jina Mary John. Nilidhani ni Mmarekani tu. Mama Ndeshi namjua miaka saba kama Mama Ndeshi, sikuwahi kujiuliza kama ana jina lingine, achilia mbali kwamba baba yake aliitwa John. Namba nayo ilikuwa ya simu ya nyumbani, mimi humpigia ya mkononi.

Nikasoma karatasi kwa Kiingereza changu cha ofisini na jina la bandia ninalotumia kule. Naitwa Ruth, nimejitolea, napiga kuhusu ile kura ya ndoa, je, naongea na Mary John?

Kwanza kikohozi. Halafu, "Yes, this is Mary. Who is this?"

Sauti ya mama mtu mzima wa kwetu. Mdomo wangu haukuniuliza.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Aneth? Wewe si uko ovataimu?"

Karatasi ilikuwa mkononi. Sentensi inayofuata imeandikwa pale pale, kwa herufi kubwa, hata mtoto angeisoma. Nikakata simu.

Nimemwamkia mtu mzima, ameitika, nikamkatia. Siku nzima nimekatiwa na watu nisiowajua, na mtu pekee niliyemkatia mimi ni yule aliyenivisha koti. Linda aliniuliza kama ni mtu mkorofi. Nikatikisa kichwa, nikachukua mkoba, nikaondoka. Njiani nilikuwa naendesha huku natunga uongo: simu imeharibika, Aneth gani, labda tumefanana sauti. Nilipofika nyumbani nilikuwa nao wa aina tatu na wote unanuka.

Taa ya mashine inayorekodi ujumbe wa simu ilikuwa inawaka.

"Aneth, ni mimi. Simu imekatika, au umeikata, mimi sijui. Nimesikia ni mambo ya ile kura ya ndoa. Sijaamua, mwanangu, sikudanganyi. Nitaenda ku-pray about it. Lakini ulikuwa na neno la kuniambia na hukulisema, ukaniacha na marahaba yangu mkononi. Godi hajambo? Na yule kijana mrefu aliyetuoshea masufuria yote kwenye kipaimara cha mjukuu wangu, naye hajambo? Haya. Nipigie."

Nimeisikiliza mara tatu. Kijana mrefu ni Marcus. Kipaimara kilikuwa miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo Mama Ndeshi hajaniuliza neno juu yake. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa namficha Godi. Sasa sijui nani alikuwa anamsitiri nani.

Sijidanganyi. Anaweza kunisikiliza mpaka mwisho, akanikumbatia, akavaa kitenge chake na kwenda kupiga kura dhidi ya mdogo wangu. Anaweza pia kumwambia mchungaji. Naogopa, na nimechoka kuogopa.

Nimechukua simu yangu mwenyewe. Hapa hakuna karatasi ya Linda wala kengele, na Ruth nimemwacha Dallas. Sentensi ya kwanza ninayo, ni shikamoo. Ya pili nimeiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme ili isinipotee: Mama, Godi na Marcus si wapangaji.

Naacha kuandika. Napiga sasa hivi, kabla maharage hayajaanza kuungua tena.